Somo la Mwezi: Pikipiki ya Chama, Kuinunua, Kuizoea na Kuitunza

MADHUMUNI YA SOMO

Somo hili limekusudiwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi. Yafaa lisomwe kwa sauti katika kikundi cha kujifunza, fungu moja baada ya jingine, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe. Kikundi kitakachomaliza somo kitakuwa kimeweza:

(a) kupima kwa hesabu kama chama kinahitaji pikipiki au la;
(b) kufuata utaratibu halali wa kuinunua kwa jina la chama;
(c) kueleza namna ya kuizoesha mashine mpya, na mpandaji mpya kuizoea mashine;
(d) kuweka kumbukumbu zitakazoilinda mali ya wanachama.

1. UTANGULIZI

Wilaya ya Karatu ni nchi ya miinuko na mabonde. Mji wenyewe umekaa kwenye kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Anayekwenda mashariki hupita Rhotia na kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, ambako kimo ni kama mita 1,000. Anayekwenda kusini-magharibi hushuka hadi Mang'ola, penye mashamba ya vitunguu kando ya Ziwa Eyasi. Anayepanda kaskazini-magharibi hufika Lango la Lodoare, na kutoka hapo barabara hupenya msitu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita zipatazo 2,300, mahali penye ukungu na baridi hata wakati bonde linaungua kwa jua.

Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi langoni ilikamilika miaka ya mwanzo ya 2000. Lakini mwanachama hakai kwenye lami. Yuko Endabash, Mbulumbulu, Kansay na Oldeani, na njia ya kumfikia ni ya udongo mwekundu: kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi. Zamani katibu alikwenda kwa baiskeli, kwa miguu, au alisubiri lori la mazao. Mabwana shamba wachache ndio waliokuwa na pikipiki, aghalabu Yamaha au Honda kutoka Japani. Tangu miaka ya 2000 zimeingia kwa wingi pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, na leo karibu kila kijiji kinazo. Ndiyo maana vyama vingi hujiuliza: je, nasi tununue yetu?

Swali hilo ni jema, lakini hujibiwa kwa daftari wala si kwa tamaa. Ili somo lieleweke, na kichukuliwe chama kimoja cha mfano. Chama hiki ni cha kufikirika. Kina wanachama 234, wanauza mbaazi na maharage, na ghala lao liko kilomita 18 kutoka mji wa Karatu. Bei zote zitakazotajwa ni za kufundishia tu. Kila chama kitaweka bei halisi za mahali pake.

2. JE, CHAMA KINAHITAJI PIKIPIKI?

Katika mkutano wa bodi wa chama hicho, Mwenyekiti alisema kwamba vyama vya jirani vinazo pikipiki na ni aibu Katibu wao kuonekana nyuma ya pikipiki ya kukodi. Wajumbe wengi walikubali kwa makofi. Ndipo mzee mmoja, mjumbe wa miaka mingi, akanyosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "aibu haina mahali pake katika kitabu cha mapato na matumizi. Mama Katibu atwambie: tunasafiri kilomita ngapi?"

Mama Katibu hakuwa na jibu siku hiyo. Aliomba miezi mitatu. Kila safari ya chama aliiandika: tarehe, mahali, shughuli, kilomita na nauli iliyolipwa. Miezi mitatu ilipotimia daftari lilionyesha kilomita 1,200, yaani 400 kwa mwezi, au 4,800 kwa mwaka. Nauli ya kukodi ilikuwa wastani wa shilingi 400 kwa kilomita. Kwa hiyo kukodi kuligharimu shilingi 1,920,000 kwa mwaka.

Kisha aliandika gharama za kumiliki. Pikipiki mpya ilikuwa shilingi 3,000,000, nayo ilikadiriwa kudumu miaka mitano. Hesabu ya mwaka mmoja ilikuwa hivi:

Uchakavu (3,000,000 kugawa kwa 5): 600,000
Bima: 60,000
Petroli (lita 120 kwa shilingi 3,000): 360,000
Oili ya injini: 48,000
Matairi, mnyororo, breki na ufundi: 240,000
Jumla: 1,308,000

Kwa safari za kilomita 4,800, chama kingeokoa shilingi 612,000 kwa mwaka. Hapo makofi yalitaka kurudi, lakini yule mzee aliuliza tena: "Na kama safari zingekuwa chache?"

Hili ndilo fundisho kubwa la sehemu hii. Gharama za pikipiki ni za aina mbili. Zipo zisizobadilika, yaani uchakavu na bima, jumla shilingi 660,000; hizo hulipwa hata pikipiki ikilala ghalani mwaka mzima. Zipo zinazofuata mwendo, yaani petroli, oili na matengenezo, jumla shilingi 648,000 kwa kilomita 4,800, ambazo ni shilingi 135 kwa kilomita. Chama kinachosafiri kilomita 2,000 tu kwa mwaka kingetumia 660,000 na 270,000, jumla 930,000; ilhali kukodi kungegharimu 800,000. Chama hicho kingepata hasara ya shilingi 130,000 kwa ajili ya kujionyesha.

Mpaka uko wapi? Kila kilomita inayosafiriwa kwa pikipiki ya chama badala ya kukodi huokoa shilingi 265, yaani 400 kutoa 135. Gawa 660,000 kwa 265, jibu ni kilomita 2,490 na kitu. Kwa bei hizi, basi, chama kisichofikisha kilomita 2,500 kwa mwaka ni heri kiendelee kukodi, au kishirikiane na chama jirani.

3. UTARATIBU WA KUNUNUA

Pikipiki ni mali ya kudumu ya chama. Haiwezi kununuliwa kwa maneno ya Mwenyekiti na Mweka Hazina waliokutana njiani. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, mkutano mkuu ndio wenye madaraka ya juu katika chama, na makisio ya mapato na matumizi hupitishwa nao. Ununuzi uonekane katika makisio hayo. Ikiwa chama kitakopa ili kununua, mkopo huo usivuke ukomo wa madeni uliowekwa.

Baada ya idhini kupatikana, hatua ni hizi:

(i) Chagua aina inayofaa kazi. Kwa njia za Karatu, pikipiki yenye injini ya ujazo wa sentimita 125 au 150, fremu imara na kimo cha kutosha kutoka ardhini, yatosha. Jambo la kuuliza kwanza ni upatikanaji wa vipuri. Boxer na TVS za India, kwa mfano, hujulikana na mafundi wengi. Pikipiki ngeni, hata ikiwa nzuri, italala wiki nzima ikisubiri kifaa kimoja kutoka Arusha au Dar es Salaam.

(ii) Pata bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu, kwa maandishi. Bodi ilinganishe na kuandika sababu ya uamuzi katika muhtasari.

(iii) Kagua kabla ya kulipa. Namba ya fremu na namba ya injini zilizopigwa kwenye chuma zilingane, tarakimu kwa tarakimu, na zile za hati. Kitabu cha mtengenezaji, vifaa vya mkononi na funguo zote zikabidhiwe.

(iv) Lipa kwa njia ya benki na udai risiti ya mashine ya kielektroniki. Risiti hiyo ndiyo hati ya malipo itakayoonwa na mkaguzi wa COASCO.

(v) Sajili Mamlaka ya Mapato kwa jina la chama, na ukate bima kabla mashine haijaingia barabarani.

Chama cha mfano kilijaribiwa kwenye hatua ya nne na ya tano. Muuzaji mmoja alitaka kupunguza shilingi 150,000 iwapo hawatadai risiti, na akashauri kadi iandikwe jina la Mwenyekiti "ili mambo yaende upesi." Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema: "Mimi leo ni Mwenyekiti, kesho ni marehemu. Watoto wangu wakiikuta kadi yenye jina langu sandukuni, mtawaambia nini?"

Jibu lake listahili kukumbukwa. Mbele ya sheria, kadi ndiyo inayosema. Chama kinachoandikisha mali yake kwa jina la mtu kinapanda mbegu ya kesi, hata kama mtu huyo ni mwaminifu kiasi gani. Nafuu ya shilingi 150,000 ingeweza kugharimu shilingi 3,000,000.

4. KUIZOESHA MASHINE MPYA

Pikipiki ilifika ghalani siku ya Jumamosi. Vijana waliikusanyikia, na kila mmoja alikuwa na elimu yake. Mmoja alisema injini mpya huzoeshwa kwa mbio, "ifunguke kifua." Mwingine alisema isizidi gia ya pili kwa mwezi mzima. Wote wawili walikosea.

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka katika silinda mara maelfu kwa dakika. Pete za pistoni na ukuta wa silinda, hata vikichongwa kwa ustadi, huwa na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Katika kilomita za mwanzo vyuma hivi husuguana hadi vilingane. Mashine ikikimbizwa mno wakati huo, joto huzidi, oili hushindwa kutenganisha vyuma, na mkwaruzo mdogo huwa jeraha la kudumu: pikipiki itakunywa oili na kutoa moshi ingali mpya. Ikiendeshwa polepole mno kwa gia kubwa, injini hulemewa, pete hazikai vizuri, nalo ni kosa vilevile.

Kanuni ni hizi:

(i) Fuata mwendo ulioandikwa katika kitabu cha mtengenezaji kwa kilomita za mwanzo. Aghalabu ni hadi kilomita 1,000. Usifungue mafuta hadi mwisho.

(ii) Badilisha mwendo mara kwa mara. Injini mpya haipendi kukaa kwenye mwendo mmoja kwa saa nzima, kama inavyotokea kwenye lami ya Makuyuni.

(iii) Iache ingurume taratibu kwa muda mfupi kabla ya kuondoka, hasa asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba.

(iv) Usipakie mzigo mzito, wala usipande nao mlima mrefu, kabla ya muda wa kuzoesha kwisha.

(v) Badilisha oili mapema, katika kilomita ambazo kitabu kimetaja, mara nyingi 500 au zaidi kidogo. Oili ya kwanza huchukua unga wa chuma uliosagika; kuiacha ndani ni sawa na kuisugua injini kwa mchanga.

(vi) Kaza upya nati na boliti, na pima ulegevu wa mnyororo. Mnyororo mpya hurefuka upesi.

Matairi nayo ni mapya. Juu yake huwa na utelezi wa kiwandani ambao huisha baada ya kilomita mia moja na kitu. Katika siku hizo mpandaji asilale kwenye kona wala kukanyaga breki kwa ghafla.

Vumbi la Karatu lahitaji neno la peke yake. Injini huvuta hewa kupitia kichujio. Kichujio kikiziba, petroli huwa nyingi kuliko hewa, nguvu hupungua na matumizi huongezeka. Kikitoboka, vumbi huingia na kuila silinda. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya barabara za lami husema kisafishwe baada ya kilomita nyingi. Kiangazi, katika njia ya Mang'ola, kikaguliwe kila wiki.

Kimo nacho kina athari zake. Hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, na injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Pikipiki iliyokuwa nyepesi Mto wa Mbu itaonekana mvivu ukingoni Ngorongoro. Haijaugua, hewa ni haba. Mpandaji arudi gia ya chini badala ya kuifungua mafuta kwa hasira, na fundi asichokoe kabureta kwa sababu ya safari moja ya mlimani.

5. MPANDAJI KUIZOEA MASHINE

Chama kiliteua wapandaji wawili tu, Mama Katibu na Mweka Hazina, na majina yao yaliandikwa katika muhtasari. Mweka Hazina alikuwa na leseni. Mama Katibu hakuwa amewahi kupanda, wala hakuona haya kusema hivyo. Kwa wiki kadhaa alijifunza jioni katika uwanja wa mpira wa shule ya msingi, na watoto walimshangilia kila injini ilipozimika. Alianza na klachi peke yake: kuiachia polepole hadi mashine itake kwenda, kisha kuibana tena. Baadaye alijifunza kusimama, kabla ya kujifunza kukimbia. Alipoweza kusimama mahali alipopataka mara kumi mfululizo ndipo alipokwenda kutafuta leseni.

Leseni ya Tanzania ina madaraja. Daraja A1 ni kwa pikipiki yenye injini iliyo chini ya ujazo wa sentimita 125. Inayozidi hapo huhitaji daraja A. Chama kilichonunua ya 150 kikamkabidhi mwenye A1 kimevunja sheria bila kujua, na siku ya ajali bima inaweza kukana madai. Kofia ngumu si ya Katibu peke yake. Hata abiria aivae.

Mambo manne huwashinda wapandaji wageni katika wilaya hii.

Breki. Breki ya mbele ina nguvu zaidi kwa sababu uzito husogea mbele mashine inaposimama. Kwenye lami kavu itumike pamoja na ya nyuma. Kwenye changarawe na tope, kuibana ghafla ni kujitupa chini. Mpandaji apunguze mwendo mapema kwa gia, na breki zote aziguse kwa wepesi.

Tope. Udongo mwekundu wa Karatu ukilowa huganda kwenye tairi na kufunika meno yake. Tairi hubaki laini kama sabuni. Mpandaji akae wima, gia ya chini, mwendo mmoja, macho yatazame mbali. Pasipopitika, ashuke na kusukuma. Hakuna barua ya chama inayozidi thamani ya mguu.

Ukungu na wanyama. Tembo hutoka msitu wa Ngorongoro kuingia mashambani, na nyati huvuka barabara ya juu. Safari za chama ziishe kabla ya jua kuzama. Anayepita Lango la Lodoare aingia eneo la Hifadhi, lililoanzishwa mwaka 1959, na taratibu zake ni tofauti na za barabara ya kawaida. Katibu aulize ofisi ya Mamlaka kabla ya safari, si akiwa langoni.

Miteremko. Hapa ndipo chama cha mfano kilipolipa ada ya shule.

6. AJALI NA FUNDISHO LAKE

Wiki ya saba, Mweka Hazina alikwenda upande wa Mang'ola kupeleka mbegu. Alipakia magunia mawili, ilhali bodi ilikuwa imeruhusu moja. Alipofika penye mteremko mrefu aliweka gia huru ili kuokoa petroli, kama alivyowaona vijana wakifanya.

Mashine iliyo katika gia hujizuia yenyewe; injini huwa breki ya tatu. Ikiwekwa gia huru, kazi yote huangukia breki mbili. Breki zikishikwa mfululizo na mzigo ukisukuma, hupata joto na kupoteza nguvu. Mweka Hazina alikanyaga, mashine haikusikia. Kwenye kona yenye changarawe alianguka. Kifundo cha mkono kilivunjika, na taa, usukani na kioo viliharibika.

Palizi ilikuwa imeanza. Mtu mwenye watoto watano alikaa wiki sita mkono ukiwa kwenye plasta, na shamba lake likapaliliwa na majirani. Petroli aliyokusudia kuiokoa haikufika hata nusu lita.

Siku ya pili aliletewa shauri na rafiki yake: aseme aligongwa na gari lililokimbia. Usiku kucha alifikiri. Asubuhi alimwita Mama Katibu, akamwambia: "Mama, andika kama ilivyokuwa. Magunia yalikuwa mawili, na gia niliitoa mwenyewe." Mama Katibu aliandika, akamsomea, naye akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Chama kiligundua pia kwamba bima yake, iliyokatwa kwa ajili ya watu wengine tu, haikumlipa mpandaji wala kutengeneza pikipiki. Matengenezo yalifika shilingi 120,000. Katika mkutano wanachama walibishana kwa muda mrefu. Wengine walitaka alipe zote. Wengine walisema alikuwa kazini, chama kimbebe. Mwisho waliamua hivi: chama kilipe matibabu yote, kwa kuwa safari ilikuwa halali na imeandikwa, matengenezo yagawanywe nusu kwa nusu, kwa kuwa mzigo na gia vilikuwa kinyume cha agizo. Sehemu yake, shilingi 60,000, akatwe katika mauzo ya mbaazi. Mweka Hazina alikubali. Tangu siku hiyo, kabla ya kukabidhiwa ufunguo, kila mpandaji husoma agizo la chama na kutia sahihi.

Laiti safari hiyo isingeandikwa daftarini, chama kisingejua kama mtu huyu alikuwa kazini au matembezini, na ubishi usingekwisha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

7. KUMBUKUMBU NA MATUNZO

Daftari la safari liwe na safu hizi: tarehe, jina la mpandaji, mahali na shughuli, kilomita za kuondoka, kilomita za kurudi, petroli iliyowekwa na namba ya risiti, sahihi. Kila mwisho wa mwezi Katibu ajumlishe na kugawa kilomita kwa lita. Pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 40 kwa lita ikishuka ghafla hadi 28, moja kati ya mambo mawili limetokea: ama mashine ni mgonjwa, ama petroli inakwenda isikoandikwa. Daftari halimtuhumu mtu, linauliza tu.

Matumizi ya binafsi hayaonekani makubwa kwa siku moja. Kilomita 50 kwa wiki za kwenda mnadani na harusini ni kilomita 2,600 kwa mwaka. Kwa shilingi 135, ni shilingi 351,000. Gawa kwa wanachama 234: kila mmoja amechangia shilingi 1,500 kwa safari asizozijua. Bandu bandu huisha gogo. Ufunguo ukae ofisini jioni, na dharura, kama mgonjwa wa kupelekwa hospitali, iandikwe kama dharura.

Kabla ya kila safari mpandaji akague: upepo wa matairi, breki, taa, kimo cha oili, ulegevu wa mnyororo, petroli, na kofia. Kazi hii haichukui dakika tano. Kila wiki mnyororo usafishwe na kupakwa oili, na kichujio kitazamwe. Kila mwezi Katibu aweke kando fedha za uchakavu, katika mfano huu shilingi 50,000, ili miaka mitano ikitimia chama kinunue nyingine bila kuwaendea wanachama mikono mitupu. Chama kisichoweka akiba hiyo hakijanunua pikipiki. Kimeazima tu kutoka kwa wanachama wa kesho.

8. MUHTASARI

Chama kipime kwanza kwa daftari. Kinunue kwa idhini ya mkutano, kwa risiti, na kwa jina lake chenyewe. Mashine izoeshwe bila mbio na bila uzembe. Mpandaji ajifunze kusimama kabla ya kukimbia, na katika mteremko asitoe gia. Kila kilomita iandikwe. Pikipiki inayotunzwa hivyo humfikisha Katibu kwa mwanachama wa mwisho kabisa wa Kansay au Oldeani, naye mwanachama huyo, akipata malipo yake na habari za chama kwa wakati, hataona haja ya kumuuzia mlanguzi mbaazi zingali shambani.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Chama chenu kilisafiri kilomita ngapi miezi mitatu iliyopita? Kama hakuna ajuaye, mtaanza lini kuandika?

2. Kwa bei za mahali penu, tafuteni gharama zisizobadilika, gharama kwa kilomita, na mpaka ambapo kununua huwa nafuu kuliko kukodi.

3. Kadi za mali za chama chenu zimeandikwa majina ya nani? Zinawekwa wapi?

4. Je, uamuzi wa kumkata Mweka Hazina shilingi 60,000 ulikuwa wa haki? Ingekuwaje kama angesingizia gari lililokimbia?

5. Mjumbe wa bodi anaomba pikipiki usiku kumpeleka mkewe kujifungua. Mweka ufunguo afanye nini, na asubuhi aandike nini daftarini?